Kisu cha Kukatia Piza, na Maneno ya Kukichagulia

Bukari haihitaji kisu. Mtu anamega kwa vidole, anafinyanga tonge, anachovya katika sombe au mchuzi wa samaki, na chakula kimekwisha kugawanyika. Piza haiko hivyo. Inatoka motoni ikiwa kipande kimoja kipana, ina jibini inayovutika na ukingo mgumu, na watu wanane wameizunguka wakingoja. Mpaka apatikane mwenye chombo cha kuikata, hakuna anayekula. Nataka kuandika juu ya chombo hicho kidogo: kisu cha duara, kile chenye gurudumu linalozunguka kwenye mpini. Katika nyumba nyingi za Kolwezi hakipo, na mahali kilipo mara nyingi hakimalizi mwaka. Swali langu ni hili: mtu wa nyumbani anawezaje kuchagua kinachodumu? Na kwa kuwa gazeti hili ni la kitivo cha lugha, nitaongeza la pili: anachagua kwa maneno gani?

Kwetu swali hili si la mchezo. Yaya wangu anaoka piza nyumbani katika komini ya Manika. Tanuri yake ni ya tole, ilitengenezwa na fundi wa kuunganisha vyuma, na inatumia makala chini na juu, kwa sababu umeme wa mtaani unakuja na kwenda ijapokuwa mabwawa ya N'zilo na N'seke hayako mbali na mji. Watu wanaagiza kwa simu: sikukuu ya kuzaliwa, ubatizo, mwisho wa mwezi wafanyakazi wa machimbo wanapolipwa. Fedha hiyo inanunua unga wa mara nyingine, inalipa sehemu ya kodi ya nyumba, na inalipa sehemu ya ada yangu ya masomo. Kwa hiyo kila kitu kinachoharibika jikoni kwa yaya kinafika mpaka kwenye daftari langu.

Mwaka jana tulihesabu. Katika miezi kumi na miwili yaya alitumia visu vya duara vitano. Kila kimoja kilimgharimu franga 7.000 hivi. Viwili vililegea katikati hata gurudumu likawa linayumba huku na huku. Kimoja kilivunjika mpini. Kimoja kilishika kutu ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Cha tano kilimaliza kazi yake mbele ya watu. Ilikuwa karamu ya kuzaliwa kwa mtoto huko Dilala. Yaya aliombwa akate mwenyewe mezani, akabonyeza kwenye ukingo, gurudumu likachomoka, likabingirika juu ya kitambaa cheupe likiacha mstari wa tomate. Watoto walicheka sana. Mama wa mtoto hakucheka, alipolipa alipunguza. Yaya hakusema neno njia nzima ya kurudi. Asubuhi yake aliniambia: «Sitaki tena kintu ya kunipatisha haya. Utafute ile yenye nguvu.»

Nikaanza kutafuta, na mahali pa kwanza ni sokoni.

Kuna jambo moja ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Kolwezi au Lubumbashi analijua mapema: kitenzi *kuuza* kinatusaliti. Katika Kiswahili sanifu anayeuza ndiye mwenye mali. Kwetu anayeuza ni mnunuzi, na mwenye mali *anauzisha*. Mimi nikisema sokoni «Minataka kuuza kisu», kila mtu anaelewa kwamba nina fedha mkononi. Nikisema sentensi hiyo Dar es Salaam, wataniomba niwaonyeshe hicho kisu. Tunacheka juu ya jambo hili darasani, lakini lina funzo: bei na mali vinapita katika maneno kwanza, na neno moja likieleweka vibaya, mtu anatoka na kitu asichokitaka.

Neno la kisu sokoni ni *inoks*. Limetoka katika Kifaransa, nalo lilipaswa kumaanisha chuma kisichoshika kutu. Kwa muuzishaji wa vyombo linamaanisha kitu chochote kinachong'aa. Nilisimama mbele ya meza tatu, na katika zote tatu jibu lilikuwa moja: «Hii iko inoks ya kweli, haitashika kutu.» Hata ile iliyokuwa na madoa ya kutu tayari chini ya plastiki yake ilikuwa inoks ya kweli.

Kamusi nayo haikunisaidia zaidi. Inatupa *chuma cha pua*, na ukisema hivyo sokoni Kolwezi watakutazama pua. Watu wachache wanajua kwamba *pua* hapa ni neno la zamani la chuma kigumu na halihusu kiungo cha uso. Kuna pia *feleji*, neno la pwani la chuma bora, hasa cha panga. Ni maneno mazuri, ila hakuna meza moja sokoni ambapo yatakupatia kisu.

Basi nikaacha kuuliza majina ya chuma, nikaanza kuuliza juu ya viungo vya chombo. Hapo ndipo mambo yalianza kufunguka.

Kiungo cha kwanza ni kile kidogo kabisa: msumari wa katikati ambao gurudumu linazunguka juu yake. Nguvu yote ya mkono, unapobonyeza ukingo mgumu wa piza, inapita katika msumari huo, ambao mara nyingi ni mwembamba kuliko penseli. Katika visu vya bei nafuu msumari huo ni *rive*: umepondwa pande zote mbili, haufunguki. Siku ukilegea, hakuna la kufanya. Isitoshe, jibini, mafuta na maji ya kuoshea vinaingia katika nafasi ile ndogo na kukaa humo. Kutu inaanzia hapo, hata kama gurudumu lenyewe ni safi. Katika visu bora msumari ni *buloni* yenye nati yake. Unaufungua, unaosha, unakausha, unakaza tena. Visu vinne kati ya vitano vya yaya vilikufa katikati, na vyote vinne vilikuwa vya rive. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe: «Katikati kumeshikwa na nini?» Swali hili lina faida moja kubwa: muuzishaji hawezi kulijibu kwa sifa. Jicho linaona jibu.

Kiungo cha pili ni gurudumu lenyewe. Shika mpini kwa mkono mmoja, gurudumu kwa mwingine, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, litacheza zaidi baada ya mwezi. Lizungushe ulitazame kwa upande: ukingo wake usipande na kushuka. Gurudumu pana, la sentimita 9 au 10, linapanda juu ya ukingo mnene kwa urahisi kuliko la sentimita 6, na vidole vinakaa mbali na jibini ya moto. Bamba la gurudumu liwe nene kiasi ambacho huwezi kulipinda kwa kidole.

Kiungo cha tatu ni mpini. Plastiki iliyobandikwa juu ya kijiti kifupi cha chuma huvunjika pale kijiti kinapoishia. Tafuta mpini ambao chuma chake kinapita mpaka mwisho, au ulio wa chuma kitupu. Mbele yake kuwe na kizuizi cha kuzuia kidole gumba kisiteleze kwenye makali.

Kuhusu chuma chenyewe, kuna kipimo ambacho watu wengi wanakitumia kinyume. Wanasema: «Weka sumaku, ikishika, hiyo si inoks.» Kwa sufuria na vijiko kauli hiyo ina ukweli fulani, kwa sababu inoks yenye nikeli nyingi, ile ya vijiko vizuri, haishikwi na sumaku, au inashikwa kidogo sana. Lakini inoks hiyo haiwezi kukomazwa kwa moto. Ni laini, na makali yake hulala upesi. Chuma cha visu ni cha aina nyingine: kina kromu ya kukinga kutu na kaboni ya kutosha ili kikipashwa moto na kupozwa ghafla kiwe kigumu. Aina hiyo sumaku inaishika. Basi kwa kisu, sumaku ikikataa kabisa kushika gurudumu, ujue gurudumu hilo litang'aa miaka mingi bila kukata kitu. Sumaku ikishika, si uthibitisho kwamba chuma kimekomazwa vizuri, lakini angalau kinaweza kuwa kimekomazwa. Nilikuwa na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa. Katika magurudumu kumi na moja niliyoyapima sokoni, matatu hayakushikwa. Muuzishaji mmoja aliyasifu hayo matatu kuliko yote.

Historia ya chuma hiki inaonyesha kwamba shida hiyo si ya leo. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza mwaka 1913 chuma chenye kromu kilichokataa kutu, akakipeleka kwa watengenezaji wa visu wa mji wake. Mwanzoni walimcheka kwamba amevumbua kisu kisichokata, kwa sababu hawakuwa wamejua namna ya kukikomaza. Chuma kilikuwa kizuri; kazi ya moto ndiyo iliyokuwa haijajulikana. Kwa hiyo jina la chuma peke yake, liwe inoks au pua au feleji, halitoshi.

Mtu wa Kolwezi hawezi kuandika juu ya visu na kuruka shaba. Tunaishi juu yake. Jimbo letu la zamani liliitwa kwa neno hilo la Kiswahili, Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997. Rafiki mmoja aliniuliza kwa nini nisimwambie fundi atengeneze gurudumu la shaba, «kintu ya kwetu». Jibu ni kwamba shaba tupu ni laini. Inakubali nyundo, inavutika kuwa waya, inapokea umeme vizuri, lakini makali yake hayasimami. Wazee walijua hilo kabla yetu. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba ambako mto Lualaba unapita, wachimbuaji wa mambo ya kale walianza kazi mwaka 1957. Walikuta watu wa miaka elfu hivi iliyopita wamezikwa na vitu vya shaba na vya chuma. Shaba kwa wingi ilikuwa mapambo: bangili, mikufu, waya uliosokotwa. Baadaye ikawa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Visu, mikuki na majembe vilikuwa vya chuma. Kila metali ilipewa kazi yake. Tena tomate na chumvi vinaila shaba, ndiyo maana sufuria za shaba hupakwa bati ndani.

Metali ya pili ya Kolwezi ni nyingine kabisa. Kobalti, ambayo kwa ajili yake watu wa Kasulo walichimba mpaka chini ya sakafu za nyumba zao kuanzia mwaka 2014, inakipa chuma ugumu usiolegea hata kwenye joto kali. Vyuma vya kukatia vyuma vingine, katika viwanda, huongezwa kobalti. Aina moja inayojulikana ina asilimia 8. Elwood Haynes wa Kokomo, Indiana, huko Marekani, alipata mwaka 1907 hati ya uvumbuzi wa mchanganyiko wa kobalti na kromu, na miongoni mwa vitu alivyotaka kutengeneza kwa metali hiyo vilikuwa visu vya mezani visivyochuja. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa yake inatoka hapa hapa katika ukanda wetu. Inaondoka juu ya malori katika barabara ya Likasi. Visu vinarudi kwa barabara hiyo hiyo katika maboksi, vikiwa na rive katikati.

Malori hayo ndiyo yaliyonipa jibu ambalo sikulitafuta. Lori linalobeba mzigo mzito kila siku linavunja resori, zile bamba ndefu zilizopinda chini yake. Resori ni chuma chenye kaboni ya kutosha: kinapinda na kurudi, na kikikomazwa vizuri kinashika makali. Wafua chuma wetu wanakijua kwa mikono. Panga, shoka na visu vya kuchinjia vinavyouzishwa pembeni mwa soko, vile vyeusi visivyong'aa, vingi vimezaliwa katika resori.

Nilikwenda kwa papa mmoja mfua chuma, nikamweleza kazi: kukata piza, mara ishirini au thelathini kwa siku moja ya karamu, bila kuvuta jibini. Nikamchorea gurudumu chini kwa kijiti. Alilitazama, akauliza: «Sababu gani lizunguke?» Nikasema ili lisivute. Akakichukua kijiti, akachora upinde mpana, wenye vipini viwili, kimoja kila upande. «Hii haizunguke. Inabembea. Fasi ya kuvunjika haiko.»

Sikujua kwamba chombo hicho kipo tayari duniani. Waitaliano, wenye piza yao, wanakiita *mezzaluna*, yaani nusu mwezi. Wao hukitumia hasa kukatakata majani ya mboga, na katika maduka mengi ya piza kuna cha aina hiyo kirefu chenye vipini viwili. Unakiweka upande mmoja, unakibembeza mpaka upande wa pili, piza imekatika mara moja. Hakina msumari wa katikati. Papa yule hakuwa amewahi kula piza. Alifika kwenye chombo hicho kwa kuuliza swali moja ambalo mimi, na mitihani yangu yote, nilikuwa sijaliuliza.

Nilikaa naye asubuhi mbili nikiandika maneno yake. Alipasha bamba mpaka likawa jekundu, akaligusisha na kipande cha sumaku kilichofungwa kwenye waya. Chuma kikifika joto fulani, karibu digrii 770, sumaku haikishiki tena. Hapo anajua kwamba kinakaribia. Anangoja kidogo zaidi, kisha anakizamisha katika mafuta ya injini yaliyochakaa. Akikizamisha katika maji, anasema, «kinalia», maana yake kinapasuka. Kikitoka ni kigumu kama kioo na kinaweza kuvunjika kikianguka, kwa hiyo anakirudisha karibu na moto, polepole, mpaka rangi ya majani makavu ipite juu yake. Hiyo anaiita «kukituliza». Katika vitabu vya Kiswahili nilivyo navyo sikupata neno la hatua hiyo ambalo ni zuri kuliko hilo. Kwa makali alisema «meno» yakiwa makavu na «ulimi» yakiwa laini na marefu. Kwa kisu cha piza alitaka ulimi.

Kisu hicho kilitugharimu franga 30.000, pamoja na vipini vya mti. Ni karibu na bei ya vile vitano vya mwaka jana. Nilikileta nyumbani nikiwa na furaha. Yaya alikizungusha mkononi, akasema: «Kiko nguvu. Lakini niende nacho kwa batu? Batasema nimekuja kukata muti.»

Tulibishana juma zima, na lazima niseme kwamba hoja yake haikuwa ndogo. Kisu cha resori ni cheusi. Hakina kromu ya kutosha kukinga kutu, tomate inakiachia madoa ya buluu na kijivu, na kikilala na maji kinashika kutu usiku mmoja. Mteja anayelipia piza analipia pia macho yake. Mwanamke anayeingia na chakula katika nyumba ya watu anatazamwa kuanzia viatu mpaka vyombo, na chombo kinachong'aa kinasema kwamba jikoni kwake ni safi. Mimi nilihesabu franga na miaka. Yeye alihesabu karamu ile ya Dilala. Yote mawili ni kudumu: kisu kidumu, na jina la mwenye kisu lidumu.

Tulimaliza kwa kuwa na viwili. Kisu cha resori ni cha nyumbani, ambako piza nyingi hukatwa kabla ya kuwekwa kwenye maboksi. Na tulinunua kisu kimoja cha duara cha kwenda nacho karamuni, tukakichagua kwa maswali yale: buloni katikati, gurudumu la sentimita 10 linaloshikwa na sumaku, mpini ambao chuma chake kinafika mwisho. Ilitubidi kupita meza nyingi na kulipa mara tatu ya bei ya kawaida. Kabla hatujalipa, yaya aliomba bisibisi, akafungua buloni mbele ya mwenye meza, akaitazama, akaifunga. Mwenye meza aliniuliza kama yaya ni fundi mekaniki.

Sasa ni miezi minane. Kwa wasomaji wanaotaka kufanya vivyo hivyo, nieleze matunzo, kwa sababu nusu ya kudumu kwa kisu iko baada ya kukinunua. Usikatie juu ya tole au sahani ya chuma: makali yanalala kwa siku chache. Tumia ubao. Sisi tuna ubao mmoja mpana wa mti mgumu, nao umeokoa makali kuliko jiwe lolote la kunolea. Osha mara tu baada ya kazi, usikiache ndani ya maji. Kile cha duara ukifungue katikati mara moja kwa juma, kausha, tia tone moja la mafuta ya kupikia, kaza. Kile cha resori ukifute kikavu na ukipake mafuta hayo hayo kabla ya kukitundika. Kunoa, jiwe laini na maji vinatosha. Tupa inakula chuma kingi, na gurudumu likiliwa upande mmoja halizunguki sawa tena.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la kitivo chetu. Tunatumia saa nyingi kujadili kama Kiswahili kina maneno ya ufundi, na mara nyingi tunajibu kwa kutazama orodha zilizotungwa mbali. Wakati huohuo, mita chache kutoka sokoni, yuko mtu anayetofautisha chuma kinacholia na chuma kilichotulia, makali ya meno na makali ya ulimi, kitu kinachozunguka na kitu kinachobembea. Maneno yake hayako katika kamusi yoyote niliyoifungua, nayo ndiyo yaliyotuwezesha kununua vizuri. Neno *inoks*, ambalo kila mtu analijua, ndilo lililotufanya tununue vitano.

Ninawaomba wenzangu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa mwaka waende kwa mafundi hawa na daftari: wafua chuma, waunganisha vyuma, mafundi wa malori, wale waliobaki wa karakana za zamani za Gécamines ambao ndio waliogeuza maneno mengi ya Kifaransa kuwa ya kwetu. Wengi wao ni wazee. Yule papa aliniambia kwamba wanawe wote wanachimba, hakuna aliyebaki kwenye moto. Nimekwisha kuandika maneno sitini na manne kutoka kwake. Aliniambia kwamba hajafika hata nusu.